Bahari Inapochipua, Kaboni Huenda kwa Nani?

Lau mimea yote inayoelea baharini, ile midogo isiyoonekana kwa macho matupu, ingekusanywa pahali pamoja na kupimwa, kaboni iliyomo ndani yake isingefikia hata sehemu moja katika mia ya kaboni iliyomo katika misitu, nyasi na mashamba ya nchi kavu. Walakini mimea hiyo hiyo ndiyo ifanyayo karibu nusu ya kazi yote ya kugeuza hewa ya ukaa kuwa chakula katika dunia nzima. Mvule huweza kusimama zaidi ya karne moja, na kaboni yake ikakaa katika shina muda wote huo, ilhali mmea wa baharini huishi siku chache tu, na kabla ya wiki kumalizika aghalabu huwa umekwishagawanyika, au umeliwa, au umepasuka, au umezama. Basi anayetaka kuijua kaboni ya bahari hawezi kutosheka na kuihesabu ilipo. Hana budi kuifuata njiani, akiuliza imetoka wapi, imepita katika matumbo ya nani, na hatima yake imeangukia kwa nani.

Wakati ambapo safari hiyo huonekana waziwazi kuliko wakati mwingine wowote ni majira ya kuchipua katika bahari za kaskazini. Kila mwaka, tangu Machi hadi Juni, Atlantiki ya Kaskazini hugeuka rangi: ukijani huanzia maji ya upande wa kusini, kisha hupanda kuelekea kaskazini kadiri jua linavyopanda, ukapita magharibi ya Ireland na Scotland, ukafika Iceland na bahari ya Norway, nao ni mpana hata setilaiti zinazoizunguka dunia huuona ukienea siku baada ya siku. Ukijani huo ni wa mimea iliyomo katika kundi la viumbe wanaoelea, mimea na wanyama na vijidudu pamoja, ambao Mjerumani Victor Hensen wa Kiel aliwapa jina la planktoni mwaka 1887, na ambao idadi yao katika wiki hizo chache huongezeka mara kadhaa wa kadha.

Usuli wa jambo hili ni baridi. Katika miezi ya Disemba, Januari na Februari tufani za huko huyavuruga maji kutoka juu hadi kina cha mita mia kadhaa, na kwa kuyavuruga huyapandisha maji ya vilindini yaliyojaa chumvi za naitrojeni, fosforasi na silika, ambazo ndizo mbolea ya bahari. Lakini mmea uliomo ndani ya maji hayo huchukuliwa juu na chini pamoja nayo, ukapitisha sehemu kubwa ya siku zake gizani, na hilo jua lenyewe wakati huo huchomoza kwa saa chache na nuru yake ni dhaifu. Majira yanapogeuka, jua hupata nguvu, pepo hutulia, tabaka la juu hupata joto na wepesi likalala juu ya maji baridi bila ya kuchanganyika nayo, na mimea iliyomo ikajikuta imebaki penye nuru na mbolea kwa pamoja. Mnorwe Harald Sverdrup aliieleza hesabu ya jambo hili mwaka 1953, akitumia vipimo vya mwaka 1949 vya meli ya hali ya hewa iliyokuwa ikikaa katika bahari ya Norway, na hesabu yake ikafundishwa vyuoni kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2010 Mmarekani Michael Behrenfeld aliipinga kwa hoja nzito: kwamba picha za setilaiti zaonyesha mimea ikianza kuongezeka tangu katikati ya majira ya baridi, wakati maji yangali yakivurugika hadi kina kirefu, kwa sababu maji mengi yanayoitawanya mimea huwatawanya vilevile wanyama wadogo wanaoila, hata mlaji na mliwa wakawa hawakutani ila kwa nadra. Mjadala huo haujafungwa, na kwa maoni yangu faida yake kubwa ni kuwa umewalazimisha wataalamu kumtazama mmea pamoja na mlaji wake; kwani machipuo ya bahari ni zile wiki chache ambapo wanaotengeneza huwashinda mbio wanaokula, na chakula kikaonekana kimelundikana kabla hakijapata wenyewe.

Kaboni yenyewe si adimu baharini. Maji ya bahari zote yameibeba kwa kiasi cha zaidi ya mara arubaini ya ile iliyomo hewani, na mmea wa planktoni hauna haja ya kuisaka. Shida yake ni ya namna nyingine: karibu yote imo majini katika hali ya baikaboneti, na sehemu iliyobaki katika hali ya hewa ya ukaa iliyoyeyuka ni yapata moja tu katika mia, ilhali kimeng'enya cha rubisko, ambacho ndicho kinachoifunga kaboni na kuigeuza sukari katika kila mmea wa nchi kavu na wa baharini, hakikubali ila hewa hiyo. Kwa hivyo seli hizi zimejaaliwa pampu za kuivuta baikaboneti ndani, na kimeng'enya kingine cha kuigeuza kuwa hewa ya ukaa karibu kabisa na rubisko inapofanyia kazi. Kimeng'enya hicho cha pili kwa kawaida hutumia madini ya zinki. Lakini katika mmea mmoja wa jamii ya diatomu, ambazo nitazieleza hivi punde, uitwao Thalassiosira weissflogii, kimegunduliwa kimoja kinachoweza kutumia kadimiamu, madini ambayo kwa viumbe wengine karibu wote hatuyajui ila kwa usumu wake. Nayataja haya kwa sababu yaonyesha jinsi kiumbe asiyeonekana kwa jicho anavyojua kuokota kila chembe yenye faida katika maji ambamo chembe hizo ni haba mno.

Diatomu ndizo zinazotangulia katika machipuo hayo. Ukiweka tone la maji ya Aprili chini ya hadubini utaziona zimejipanga minyororo minyororo, kila seli imo ndani ya kasha la silika, ambayo ni asili ile ile ya kioo, na kasha hilo ni la vipande viwili, kimoja kikikifunika kingine, vimetobolewa matundu kwa safu zilizo sawa hata watengenezaji wa hadubini wa zamani walikuwa wakizitumia kupimia ubora wa lenzi zao. Katika jamii ya Chaetoceros kila seli hutoa miiba mirefu minne myembamba inayoshikana na ya jirani yake. Ndani ya kasha kuna vidonge vya rangi ya hudhurungi ya dhahabu, ambavyo ndivyo vinavyopokea nuru, na pana kifuko kilichojaa sukari iliyoyeyuka iitwayo laminarini, akiba inayoongezeka mchana kutwa na kupungua usiku seli inapoitumia kuishi mpaka asubuhi. Wataalamu wa Ujerumani waliipima sukari hii katika maji ya bahari mbalimbali, wakatangaza mwaka 2020 kuwa kwa wastani yapata robo ya kaboni yote iliyomo katika chembe zinazoelea ni laminarini. Robo nzima ya kaboni hiyo ni sukari ya aina moja, nayo kabla ya hapo haikuwa na njia nyepesi ya kupimwa.

Sasa yapasa kueleza kiasi. Mmarekani Alfred Redfield, tangu makala yake ya 1934, alionyesha kuwa miili ya planktoni ina uwiano usiobadilika sana popote ipatikanapo, uwiano ambao baadaye ulikubaliwa kuwa atomu 106 za kaboni kwa 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Kwa hesabu hiyo, ukijua ni naitrojeni kiasi gani iliyopandishwa na tufani za baridi, unaweza kukadiria kaboni itakayofungwa na machipuo hata kabla hayajaanza: kwa kila atomu ya naitrojeni, atomu za kaboni 6 na sehemu 6 katika kumi. Ni hesabu nzuri, na miaka mingi wataalamu wa bahari wameitumia kama msingi wa karibu kila kadirio lao.

Illa bahari haiishiki hesabu hiyo barabara. Ifikapo Mei, chumvi za naitrojeni katika tabaka la juu huwa zimekwisha, na kwa kadiri ya Redfield kazi ingepasa kusimama. Lakini vipimo vilivyofanywa katika Atlantiki tangu safari kubwa ya mataifa matano ya mwaka 1989, iliyofuata mstari wa longitudo 20 magharibi, vimeonyesha kuwa kaboni iliyoyeyuka huendelea kupungua majini baada ya naitrojeni kumalizika. Seli imefanana na mwashi aliyeishiwa na chokaa ilhali mawe yangali yamejaa uwanjani, naye kwa kuwa jua bado lipo na mikono haijachoka akaendelea kupanga mawe kando bila ya kuyaunganisha: haiwezi kutengeneza protini mpya kwa sababu protini yataka naitrojeni, lakini yaweza kutengeneza sukari na shahamu, ambazo hazitaki kitu ghairi ya kaboni, hidrojeni na oksijeni. Sehemu ya sukari hiyo huiweka akiba, na sehemu huitoa nje ya mwili wake ikayeyuka majini, na nyingine hugandamana ikawa ute unaonata. Ute huo usiopendeza kutazama utakuja kuwa na kazi kubwa, kama tutakavyoona.

Hapo ndipo wanapoingia bakteria, na pahali palipochunguzwa vizuri jambo lao ni kisiwa cha Helgoland, jabali jekundu lenye magenge katika Bahari ya Kaskazini. Msomaji wa pwani yetu huenda akalijua jina hilo kwa sababu nyingine kabisa, kwa kuwa katika mkataba wa 1 Julai 1890 Waingereza walimpa Mjerumani kisiwa hicho, na Mjerumani kwa upande wake akautambua ulinzi wa Waingereza juu ya Zanzibar na kuacha madai yake ya Witu. Ndipo watu wakazoea kusema kuwa Zanzibar ilibadilishwa kwa Helgoland, ijapokuwa Zanzibar haikuwa mali ya Mjerumani hata aitoe. Miaka miwili baadaye Wajerumani walifungua huko kituo cha elimu ya viumbe wa bahari, na kituo hicho kingalipo. Tangu mwaka 1962, kila siku ya kazi, boti ndogo hutoka bandarini na kwenda katika mlango ulio baina ya kisiwa kikubwa na kile kidogo cha mchanga kilicho mkabala wake. Maji hutekwa kwa ndoo, joto lake hupimwa, sahani nyeupe hushushwa kwa kamba hadi isionekane tena ili kujua uangavu wa maji siku ile, kisha maji hurudishwa nchi kavu, chumvi zake zikapimwa na seli zake zikahesabiwa chini ya hadubini, spishi kwa spishi. Kwa ndoo hiyo ndivyo ilivyojulikana kuwa bahari ya pale imepata joto la zaidi ya digrii moja na nusu tangu kazi ilipoanza.

Katika machipuo ya mwaka 2009 wataalamu waliwafuata hapo bakteria kwa ukaribu ambao haukuwahi kufanywa, wakisoma chembe zao za urithi wiki baada ya wiki, na matokeo yakatangazwa mwaka 2012. Ilidhihirika kuwa diatomu zilipofikia kilele na kuanza kufa, bakteria hawakuongezeka ovyo. Walikuja kwa zamu. Kundi moja lilitawala kwa siku chache likaondoka, likafuatwa na jingine, na kila kundi lilikuwa na vimeng'enya vyake vya kuvunjia aina fulani ya sukari: wa kwanza huvunja laminarini, ambayo ni nyepesi, na wanaofuata hushughulikia sukari ngumu zilizofumwa katika kuta za seli. Baadhi yao huishika sukari kubwa kwa nje, wakaikata kidogo, kisha wakaivuta yote ndani ya ngozi yao kabla ya kuimaliza, ili jirani asipate hata chembe. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kuwa zamu hizo hujirudia kila mwaka kwa mpango unaokaribiana, na mimi sioni jambo la ajabu zaidi ya hili katika khabari yote ya machipuo, kwamba katika tone la maji linaloonekana tupu mna utaratibu wa walaji ulio thabiti kiasi hicho.

Bakteria nao huliwa na vijidudu vyenye mikia, na vijidudu huliwa na wakubwa wao. Mzunguko huu mwaka 1983 ulielezwa na Farooq Azam na wenzake, nao umebadilisha fikra zote za elimu ya bahari. Fauka ya hayo kuna virusi, ambavyo mwaka 1989 wataalamu wa Bergen walithibitisha kuwa vimo kwa mamilioni katika kila mililita ya maji ya bahari, na ambavyo huzipasua seli na kuimwaga kaboni yake majini kabla haijamfikia mnyama yeyote. Muradi wa yote haya kwa hesabu ya kaboni ni mmoja: katika kila hatua mlaji huvuta pumzi, na sehemu ya kaboni hurudi kuwa hewa ya ukaa pale pale karibu na uso wa bahari, ikangojea kutumiwa tena au kurudi hewani. Kwa wastani wa dunia, kaboni inayoponyoka na kushuka chini ya tabaka la nuru ni yapata sehemu moja au mbili katika kumi ya ile iliyofungwa, na inayofika vilindini kabisa ni kama moja katika mia.

Wako wanaoishusha kwa miguu yao, tukisema hivyo. Kopepodi aitwaye Calanus finmarchicus ni mdudu wa maji mwenye urefu wa milimita mbili au tatu, mwili wake unapenyeka kwa nuru, na pembe zake mbili ndefu zimenyooka kushoto na kulia. Katika machipuo hula diatomu usiku na mchana, akayageuza yale aliyokula kuwa mafuta anayoyahifadhi katika kifuko kirefu ambacho, kwa aliyeshiba, hujaza sehemu kubwa ya mwili wake na huonekana wazi kupitia ngozi. Kiangazi kinapofika huacha kula, akashuka kwenye giza la mita mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja, akalala huko mpaka mwisho wa majira ya baridi huku akiyatumia mafuta yale kidogo kidogo. Na kaboni anayoipumua huko chini hubaki chini, mbali na hewa, kwa miaka mingi. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walionyesha kuwa kaboni inayoshushwa kwa njia hii katika Atlantiki ya Kaskazini yakaribiana na ile inayoshuka kwa kuzama kwa mabaki, nayo katika hesabu za zamani haikuwamo kabisa.

Iliyosalia huzama. Diatomu zilizoishiwa na silika na naitrojeni hunatana kwa ule ute wa sukari, zikawa mabonge yanayochukua pamoja nayo kinyesi cha kopepodi, makasha matupu na bakteria wanaoendelea kula njiani. Mwaka 1983 wataalamu wa Uingereza walitangaza walichokiona kwa kamera kusini-magharibi ya Ireland, katika bonde la bahari liitwalo Porcupine Seabight: wiki chache baada ya machipuo kule juu, sakafu ya bahari kwenye kina cha kilomita moja unusu hadi nne ilifunikwa na utando mwepesi wa rangi ya kijani, ambao ndani yake mlikuwa na diatomu zinazotambulika na klorofili isiyooza bado. Mabonge yalikuwa yameshuka kwa mwendo wa mita mia moja au zaidi kwa siku. Kabla ya hapo wengi waliamini kuwa vilindini hakuna majira; kumbe majongoo ya bahari ya huko, jamaa za haya tunayoyaona kwenye mchanga wetu maji yakitoka, yanakula mavuno ya Aprili yangali mabichi.

Basi ukijani peke yake hauwezi kumwambia mtu kaboni kiasi gani imezikwa, na hili limethibitishwa kwa majaribio mawili katika Bahari ya Kusini, karibu na Antaktika, ambako mbolea ipo lakini chuma kimekosekana. Mwaka 2004 meli ya Ujerumani Polarstern ilimwaga chuma katika mzunguko mmoja wa maji, diatomu zikachipua, na walau nusu ya machipuo hayo ilizama chini ya mita 1,000. Mwaka 2009 meli ile ile, safari hii pamoja na Wahindi, ilimwaga chuma katika maji ambayo silika yake ilikuwa imekwisha; mimea ikachipua vilevile, lakini haikuwa diatomu, kopepodi wakaila karibu yote, na kaboni iliyozama ikawa haba sana. Kwa hiyo wale wanaotamani kuviuzia viwanda msamaha kwa ahadi ya kupanda mimea baharini yafaa waulizwe kwanza, kabla ya jambo jingine lolote, mimea yao italiwa na nani.

Swali hilo ni zito zaidi kwa kuwa hewa yenyewe imebadilika. Kabla ya enzi ya viwanda palikuwa na sehemu 280 za hewa ya ukaa katika milioni, na sasa zimepita 420, na yapata robo ya hewa ya ukaa tunayoitoa huingia baharini. Mwaka 2005, katika hori ya Raunefjord karibu na Bergen, Ulf Riebesell na wenzake walitundika majini mifuko mikubwa 9, kila mmoja ukiwa na maji yapata mita za ujazo 27 pamoja na viumbe wake wa asili, wakaiwekea mitatu kiasi cha hewa ya ukaa cha 350, mitatu 700 na mitatu 1,050, kisha wakachochea machipuo. Mbolea iliyotumiwa ilikuwa sawa katika mifuko yote, lakini kaboni iliyotumiwa iliongezeka kadiri hewa ya ukaa ilivyoongezeka, mpaka ikazidi kwa 39 katika mia. Uwiano wa kaboni kwa naitrojeni ukapanda kutoka 6 hadi 8. Watu wengi waliisoma khabari hiyo kuwa bishara njema, ya kwamba bahari itatusaidia zaidi kadiri tunavyozidi kuichafua. Watafiti wenyewe walionya kinyume chake: kaboni ya ziada isiyo na naitrojeni ni chakula hafifu kwa anayekila, na ikizama kwa wingi bakteria wa vilindini wataitumia kwa kumaliza oksijeni ya huko. Tena, mwaka 2013 katika hori ya Gullmar nchini Sweden, jaribio la mifuko 10 lililodumu tangu baridi hadi kiangazi lilitoa jibu jengine: palipokuwa na hewa ya ukaa nyingi, mabuu wa samaki aina ya heringi walinusurika kwa wingi zaidi, kwa kiasi cha 19 katika mia, kwani chakula kilikuwa kimepanda ngazi hadi kwao. Sababu ile ile katika hori mbili imewanufaisha walaji tafauti, kwa kuwa jamii za viumbe waliokuwamo hazikuwa moja.

Kwetu sisi hakuna machipuo ya namna hii, kwa sababu maji ya pwani ya Afrika Mashariki ni ya moto mwaka mzima na tabaka la juu halipati baridi ya kulizamisha. Mbolea huku kwetu ni kidogo, na planktoni wake ni wachache lakini hawakatiki. Tukipanda kaskazini mambo hubadilika. Kusi linapovuma kwa nguvu kwenye pwani za Somalia na Oman, kuanzia Juni hadi Septemba, husukuma maji ya juu yaende mbali na nchi, maji baridi yenye rutuba yakapanda kutoka chini, na bahari ikawa kijani katikati ya joto. Kisha kaskazi nayo, katika miezi ya baridi ya huko, huyapoza na kuyavuruga maji ya Bahari ya Arabuni upande wa kaskazini, yakachipua mara ya pili. Dagaa wa Dhofari, ambao wavuvi wa huko wameishi kwao tangu dahari, ni kaboni ya kusi iliyopata wenyewe.

Ndiyo maana ninalo ombi kwa wenye dhamana ya fedha na elimu katika nchi zetu. Zanzibar ina Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1978, na Mombasa ina Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, na wataalamu wa pande zote mbili wanawajua planktoni wa maji haya. Kazi ya kuteka maji pahali pamoja, kwa njia moja, kila siku ya kazi, kwa miaka sitini, haitaki meli kubwa wala fedha za kutisha. Yataka boti, ndoo, hadubini, mshahara wa mtu anayejua kuzitambua seli, na mwanafunzi wa kumrithi atakapostaafu. Wapewe hayo, wala mshahara huo usikatwe mwaka wa tano kwa hoja kwamba ndoo haijaleta jipya.